Mbili za Shupaza

Daftari lilikuwa la kuhesabia vifungo.
Ukurasa wa kwanza: zipu nyeusi, dazani tatu.
Ukurasa wa pili: mfumo,
kwa mwandiko wa Semkiwa, uliosimama wima
kama mtu aliyetoboa tikiti za reli miaka ishirini na minane.

Ree nne. Mfalme tatu. Bibi mbili. Ghulamu moja.
Ukifika kumi na mbili, fungua mnada kwa moja.
Hapo hatukubishana.
Wenye nguvu hawana shida ya lugha.

Ugomvi ulikuja kwa wanyonge.

Mimi: karata sita za aina moja,
pointi tano hadi tisa,
na mizungu ikae humo humo,
isitawanyike kama mashemeji walionuna harusini.
Yeye: "Hata nne, Mwanakombo. Hata tatu,
ikiwa wao wako hatarini na sisi hatuko."
Nikamwambia, mkono mtupu haulambwi.
"Haulambwi," akasema, "lakini unaziba mlango."

Mvua ya vuli iligonga bati la Barabara ya Nane.
Cherehani za watu zilingoja mikanda.
Tuliandika, tukafuta, karatasi ikatoboka.

Anayefungua mbili aweza kuficha kopa nne pembeni?
Hapana. Tutazipoteza, na tutalaumiana.
Na baada ya pasi mbili?
Hapo tano zatosha, Mungu atusamehe.
Na mwenzake akijibu, "Mbili bila turufu"?
Hilo ni swali. Maana yake:
ndugu yangu, unyonge wako ni wa namna gani?

Nilipoliandika hilo nilinyanyua penseli.
Maana mjini kwetu nani hufungua kwa udogo?
"Habari za nyumbani?"
"Nzuri. Ila paa limeng'oka."
"Hujambo?"
"Sijambo," na kiganja kimeshika ukuta.
Kwanza nguvu, hata ya kuazima,
kisha *ila*, kwa sauti ya chini, mlangoni, mtu akiaga.
Sisi wawili, kwa sababu ya mchezo tu,
tulikuwa tunajifunza kuanza na *ila*.

Alhamisi moja walishuka kutoka Raskazone
Bi Nargis na Dokta Makange,
na karata zao mpya, na chupa yao ya kahawa.
Wao hatarini, sisi salama.
Semkiwa akagawa, akatazama, hakukohoa:
"Mbili za shupaza."
Bi Nargis alishika mkono wa kisultani.
Aliwaza hadi kahawa ikapoa. "Tatu za kopa."
Mimi nina shupaza nne, na uru moja pweke.
"Nne za shupaza."
"Dabo," akasema Makange, kama anayefunga dirisha.

Tulianguka kwa mbili. Mia tatu, zao.
Bi Nargis akazipanga kopa zake mezani,
akazihesabu kwa kidole chenye pete:
mia sita na ishirini, zimekufa bila kuzaliwa.
"Mnyonge mnyongeni," akaguna.
Hakuimalizia.

Semkiwa alikuwa na mfalme, ghulamu, kumi, tisa,
na vijikarata viwili vya kusindikiza.
Pointi nne. Chini ya mstari wangu.
Usiku ule niliufuta mstari, nikauchora upya,
sikumwambia.

Alhamisi iliyofuata alichelewa.
Alisimama kizingitini, mwavuli ukidondoka
juu ya vitenge vya sare vya watu.
"Habari za Makorora?" nikamuuliza, bila kuinua macho,
mguu kwenye pedali,
nikisubiri *nzuri*, kama kawaida.

"Mbili za shupaza."

Nikaondoa mguu. Nikaweka mkasi chini.
Tangu lini hatuna hata karata mezani?
Ningeweza kupita. Ningeweza kuruka hadi nne,
nikafunga mlango wa duka, nikamziba na dunia.
Lakini daftari lilikuwa wazi mbele yangu.

"Mbili bila turufu," nikasema.

Akakaa kwenye benchi la wateja,
akavua kofia,
akaanza kujibu.